Krampe: maumivu ya mchezaji yaliyosomwa kwanza kwa mchimba makaa



Mashindano ya mafakulte yako karibu, na sawa kila mwaka tutaona ile picha tunayoijua. Dakika ya 75 mchezaji anaanguka peke yake, hakuna aliyemgusa, anashika shavu la mguu na kupiga kelele. Wenzake wanakuja mbio. Mmoja anainua mguu wake, mwingine anamumwangia maji, wa tatu anaita: «Mumupatie ndizi!» Pembeni ya kiwanja kuna mzee mmoja anayesema kijana amekosa chumvi, mwingine anasema hapana, ni potasiamu, na mama mmoja anashauri kidonge cha kinini juu ya dada yake kilimusaidia usiku.

Hawa wote wako wanarudilia mawazo ambayo kuna mtu aliyavumbua, mahali fulani, mwaka fulani, akiwa na sababu zake. Mimi nimesoma agronomia, si uganga. Lakini nilipoanza kufuata kila wazo nyuma hadi kwenye shina lake, sikukuta kiwanja cha mpira. Nilikuta mungodi wa makaa, bwawa la umeme katika jangwa la Marekani, na mti ambao sisi wa agro ya Kivu tunaujua vizuri. Ndiyo maana ninawaandikia hii leo, mbele ya mashindano na si nyuma yake.

Neno kwanza. Vitabu vinasema mkakamao wa misuli. Sisi tunasemaka krampe, na nitabakia na krampe.

Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa inasukumwa na makaa ya mawe. Makaa ya juu yalipokwisha, mashimo yalizidi kuingia chini, na kila anayesoma udongo anajua: ukishuka sana, joto linapanda. Watu walifanya kazi humo karibu uchi, wakipiga mwamba masaa na masaa, jasho likitiririka, na wakinywa maji mengi. Mwisho wa zamu, au hata wakiwa wamefika nyumbani, krampe ziliwakamata miguu, mikono na tumbo. Haikuwa krampe ya dakika mbili ya mchezaji wetu. Ilikuwa inakamata msuli mmoja, inaachilia, inaruka kwa mwingine, na mtu mzima mwenye nguvu analia. Wachochea moto wa meli za mvuke, wale waliotupa makaa kwenye tanuru siku nzima, waliijua pia. Vivyo hivyo watu wa viwanda vya chuma.

Munganga wa Marekani, David Edsall wa Philadelphia, aliandika juu ya wagonjwa wa namna hii mwaka 1908. Aliona wazi kwamba joto na kazi ngumu viko ndani ya jambo hili. Lakini juu ya nini hasa msuli unakaza, hilo lilibakia bila jibu la kutosheleza.

Jibu la kwanza lenye uzito lilitoka kwa John Scott Haldane. Huyu alikuwa mtu wa ajabu kidogo. Alikuwa anavuta mwenyewe hewa zenye sumu ili aandike zinamufanya nini, na ndiye aliyeshauri wachimbaji kushuka na ndege wadogo, kanari, ili ndege azimie mbele mtu hajazimia. Mwaka 1923 K. Neville Moss, aliyekuwa mtaalamu wa mambo ya migodi, alitoa kazi juu ya wachimbaji wa makaa wanaofanya kazi katika joto kali. Aliwapima jasho lao. Mmoja alipoteza zaidi ya kilo 8 za jasho katika zamu moja. Ndugu, kilo 8! Pima ndoo ya maji ya lita 10 uone.

Sasa, jasho si maji matupu. Limebeba chumvi. Mchimbaji alipoteza maji na chumvi pamoja, halafu akarudisha maji peke yake. Haldane na Moss walisema: krampe haiko juu ya kiu. Iko juu ya maji yaliyorudishwa bila chumvi, damu ikawa nyepesi kupita kiasi. Dawa yao ilikuwa rahisi mpaka watu wakubwa waliona haya kuiamini: weka chumvi kidogo ndani ya maji ya kunywa, kama gramu 2 kwa lita. Wachimbaji waliokunywa hayo walipata nafuu.

Sisi wa agro hatuhitaji kubishana sana kuelewa hii. Mzizi unavuta maji kutokana na tofauti ya chumvi ndani na nje. Chembe ya msuli nayo iko na ukuta mwembamba, chumvi ndani, chumvi nje, na ujumbe wa neva unapita juu ya tofauti hiyo. Haribu kipimo, na ujumbe unaharibika.

Robert McCance, munganga wa London, alifika mbali zaidi katika miaka ya 1930. Alichukua watu wazima wenye afya, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, akawalisha chakula kisicho na chumvi, akawatoa jasho kwa joto siku kwa siku, huku wakinywa maji kama walivyotaka. Walichoka, chakula kikakosa ladha mdomoni, na krampe zikatokea. Waliporudia chumvi, hali ilirudi haraka. Kwa hiyo hakukuwa tena na shaka: mtu anaweza kupata krampe juu ya kukosa chumvi. Swali lililobaki, na lilibaki kwa muda mrefu bila mtu kuliuliza, ni kama kila krampe inatoka hapo.

Tuvuke bahari. Mwaka 1931 Marekani ilianza kujenga bwawa la Hoover juu ya mto Colorado, kwenye mpaka wa Nevada na Arizona. Ulikuwa wakati wa mporomoko wa uchumi, watu walitoka kila upande kutafuta kazi, familia zikalala chini ya mahema. Joto la kiangazi lilipita digrii 45. Wafanyakazi kadhaa walikufa kwa joto, na mwezi wa 8 wakagoma. Kompanyi haikutetemeka: kazi zilikuwa chache, na nje ya uzio kulikuwa na wengine wanaosubiri.

Mwaka uliofuata walifika watafiti wa maabara ya Harvard iliyokuwa inasoma uchovu wa binadamu, iliyoanzishwa mwaka 1927. D. B. Dill alikuwa kiongozi wa kazi hiyo, na John Talbott alikuwa munganga aliyefuatilia krampe. Walipima damu, jasho na mkojo. Wale waliokamatwa na krampe walikuwa na chumvi ndogo, na mkojo wao ulikuwa karibu hauna chumvi kabisa, maana yake mwili ulikuwa unashikilia kila chembe iliyobaki. Wakiwekewa maji ya chumvi kwenye mshipa, krampe ilitoweka. Walipata jambo lilelile katika viwanda vya chuma vya Youngstown, Ohio. Kuna kitu Dill alisimulia ambacho kilinichekesha: kwenye ukumbi wa kulia chakula kulikuwa na tangazo la munganga linalowaambia wafanyakazi wanywe maji mengi, na chini yake kukaongezwa kwamba waweke pia chumvi nyingi kwenye chakula. Tangazo la kwanza peke yake ndilo lilikuwa linaleta krampe.

Hapa nitasema jambo langu, munaweza kunibishia. Elimu hii iliokoa watu, ni kweli. Lakini angalia pia ilivyotumiwa. Viwanda vikaweka vidonge vya chumvi pembeni ya bomba la maji, na kazi ikaendelea. Chumvi ni ya bei ndogo. Kivuli, mapumziko na zamu fupi ni vya bei kubwa. Krampe ilikuwa ni mwili unaosema «imetosha», na jibu likawa ni kuupatia mwili kitu ili uendelee kunyamaza. Mtu anayejua historia ya migodi ya nchi hii hatashangaa.

Kutoka kiwandani wazo lilihamia kiwanjani, na njiani likapoteza nusu yake. Haldane alisema chumvi pamoja na maji. Makocha wengi wa Marekani wakabeba vidonge vya chumvi, na wakati huohuo waliwakataza vijana kunywa maji mazoezini, eti maji yanalegeza mtu. Chumvi bila maji! Ni sawa kumwaga mbolea kwenye shamba kavu mwezi wa 7: unachoma mizizi. Mwaka 1965, katika chuo kikuu cha Florida, munganga Robert Cade na wenzake walitengeneza kinywaji cha maji, sukari, chumvi, potasiamu na limau kwa timu ya chuo, wale Gators, na ndiyo Gatorade ya leo. Maji yalirudi kiwanjani, na hilo lilikuwa jambo zuri. Lakini biashara nayo iliingia, na biashara ilipenda hadithi moja tu: umepata krampe? Kunywa.

Na ndizi? Hii inatugusa, juu ya ndizi ni yetu. Ndizi iko na potasiamu, karibu miligramu 350 kwa gramu 100, na potasiamu ni lazima kwa msuli. Kila mtu wa fakulte yetu ameimba N-P-K mpaka usingizini. Tatizo ni mwendo. Mwaka 2012 Kevin Miller aliwalisha ndizi wanaume waliotoka kufanya mazoezi, halafu akapima damu yao. Potasiamu ya damu ilipanda kidogo sana, na hiyo ilichukua kama saa moja. Mechi imekwisha, watu wamepanda pikipiki wamerudi nyumbani. Kula ndizi, ni chakula kizuri na inapatia nguvu. Lakini ile ya kumusukumia mtu mdomoni akiwa chini kwenye nyasi haina kazi, na mtu anayelia kwa maumivu anaweza kupaliwa.

Kinini ndiyo iliyonishika zaidi. Mwaka 1940 waganga wawili wa Marekani, H. K. Moss na L. G. Herrmann, waliandika kwamba kinini inatuliza krampe za usiku za miguu. (Moss huyu si yule wa makaa, krampe inapenda jina hilo, sijui juu ya nini.) Kinini inatoka kwenye magamba ya mti wa kinkina, asili yake milima ya Andes. Mbele ya vita ya pili ya dunia sehemu kubwa ya kinini ya dunia ilitoka kisiwa cha Java. Mwaka 1942 Wajapani walichukua Java, na mashamba ya kinkina ya huku Kivu, yaliyopandwa chini ya Wabelgiji, yakapata thamani mpya. Udongo wa volkano, mvua, baridi ya milimani: kinkina ilijisikia nyumbani. Pharmakina ya Bukavu imetengeneza kinini kutokana na magamba hayo kwa miaka mingi, na kuna kati yetu waliofanya staji katika mashamba ya mti huu.

Kwa hiyo nilitaka sana kinini iwe dawa ya krampe. Ingekuwa dawa ya kwetu. Haiko. Ni kweli inapunguza kidogo krampe za usiku kwa baadhi ya watu. Lakini inaweza kuangusha chembe zinazogandisha damu na kuharibu mapigo ya moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataza mwaka 1994 isiuzwe bila karatasi ya munganga kwa ajili ya krampe, na mwaka 2006 ikafunga mlango zaidi. Kinini ni ya malaria. Kumupatia mchezaji aliyechoka, mwenye joto na moyo unaopiga mbio, kidonge cha kinini pembeni ya kiwanja ni hatari tupu.

Sasa tufike Afrika, juu ya pigo kubwa kwa hadithi ya chumvi lilitoka Afrika. Mwaka 1997, Martin Schwellnus, Wayne Derman na Tim Noakes wa chuo kikuu cha Cape Town waliandika wazo jipya. Walianza na maswali ambayo mtoto wa sekondari angeweza kuuliza. Kama damu yote imekosa chumvi, kwa nini ukaze msuli mmoja tu, na ni ule uliofanya kazi? Kwa nini watu wanapata krampe hata kwenye baridi? Na kwa nini kunyoosha msuli kunaondoa krampe katika sekunde chache, wakati kunyoosha hakuongezi chumvi wala maji?

Hawakuishia kwa maswali. Katika mbio za Two Oceans, kilomita 56 za kuzunguka Cape Town, walifuata wakimbiaji, kisha wakalinganisha damu ya waliopata krampe na ya wasiopata. Matokeo yalitoka mwaka 2004. Hakukuwa na tofauti ya maana, wala katika maji wala katika chumvi. Mwaka 2011 walirudia kwa watu 210 wa Ironman, wale wanaoogelea, wanaendesha baiskeli na kukimbia siku moja. Aliyepata krampe hakuwa amekauka zaidi ya wengine. Tofauti ilikuwa kwamba alikwenda kwa kasi zaidi, na kwamba alikuwa tayari na historia ya krampe.

Maelezo yao ni haya, na nitayasema polepole. Ndani ya msuli kuna vipokezi vinavyoiambia neva «kaza». Kwenye kano, pale msuli unaposhika mfupa, kuna vingine vinavyosema «legeza». Msuli mzima unaishi kati ya hizo sauti mbili. Ukichoka kupita mazoea yako, sauti ya kukaza inapanda na ile ya kulegeza inashuka. Na kama msuli wenyewe uko katika hali ya kufupika, kano haivutwi, basi ile sauti ya kulegeza inakuwa karibu kimya. Neva inaendelea kuamuru, msuli unafunga. Ndiyo maana krampe zinapenda shavu la mguu na misuli ya paja, ile inayovuka viungo viwili na inayofanya kazi ikiwa imefupika. Na ndiyo maana kunyoosha kunafanya kazi: unavuta kano, sauti ya kulegeza inarudi.

Wakati huohuo kulikuwa na fujo lingine Marekani. Tarehe 3 mwezi wa 9 mwaka 2000, timu ya Philadelphia Eagles ilicheza Texas kwenye joto la digrii 43 hivi. Wachezaji wake walikunywa maji ya matango yaliyolowekwa katika siki na chumvi, wakashinda 41 kwa 14, na nchi nzima ikaanza kunywa siki. Watu wa chumvi walifurahi: munaona? Lakini Kevin Miller, yule wa ndizi, aliijaribu mwaka 2010. Aliamsha krampe kwa umeme katika msuli mdogo wa kidole gumba cha mguu, akawapatia watu maji hayo ya siki. Krampe iliondoka mbele ya dakika moja na nusu, haraka kuliko kwa maji ya kawaida, na damu ilikuwa bado haijabadilika. Chumvi haikuwa na muda wa kufika. Inaonekana ni ukali wa siki mdomoni na kooni uliotuma ujumbe kwa neva. Rod MacKinnon, mwenye tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2003, ambaye mwenyewe alipata krampe akipiga kasia baharini, alifuata njia hiyohiyo na vitu vikali kama tangawizi na pilipili. Bibi zetu wa Kivu wangecheka.

Basi Haldane alikosea? Wengi wa rika langu waliosoma kazi za Cape Town wanasemaka hivyo, kwa furaha ya mtoto aliyemushinda babu yake. Mimi siamini. Mwaka 2021 Ken Nosaka na wenzake wa Australia waliwakimbiza vijana 10 kwenye mteremko, katika joto kali, mpaka wakapoteza jasho la kutosha. Siku moja waliwapatia maji matupu, siku nyingine maji ya SRO. Baada ya maji matupu, misuli yao ilikubali krampe ya umeme kwa urahisi zaidi. Baada ya SRO, ilipinga zaidi. Karibu miaka 100 nyuma, katika vumbi la makaa, Haldane alikuwa amesema jambo hilo. Wa Cape Town walisoma mkimbiaji aliyechoka. Haldane alisoma mtu aliyetoka jasho kilo 8 na kunywa maji matupu, kila siku. Ni njia mbili zinazofika kwenye maumivu mamoja, na mtu anaweza kuzipita zote mbili siku moja.

SRO munaijua. Kila mtu wa Goma aliye na wazazi waliopita mwaka 1994 ameisikia kwa sababu ya kolera. Pakiti moja kwa lita moja iko na gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukozi, na potasiamu. Linganisha na zile gramu 2 hivi za mchimbaji wa makaa.

Kwa timu zetu, hii inatoa mambo machache ya kufanya. Timu ya Bukavu iliyozoea baridi ya mita 1500 ikishuka Uvira kucheza saa nane mchana, isitegemee ndizi. Mwili unahitaji siku 10 mpaka 14 kuzoea joto, na ukizoea, jasho lenyewe linabeba chumvi kidogo. Kama siku hizo haziko, omba mechi ya saa kumi. Anayetoka jasho mpaka jezi inabaki na michirizi myeupe aongeze chumvi kwenye bugali na sombe siku mbili mbele, na awe na SRO. Anywe akisikia kiu, asijilazimishe: katika mbio za Boston za mwaka 2002, kati ya wakimbiaji 488 waliopimwa, 13 kwa mia walikuwa na chumvi ndogo katika damu, na wengi wao walikuwa wamekunywa kupita kiasi. Lakini sababu kubwa kwetu naiona katika kalenda: mwanafunzi anayekaa auditorio miezi 3, halafu anacheza mechi 4 katika juma moja kwa mwendo ambao hajawahi kuuzoea. Hapo hakuna pakiti itakayomusaidia. Mazoezi ya dakika 40, mara 3 kwa juma, yaanze sasa. Na mtu akikamatwa, nyoosha msuli polepole, ushikilie mpaka utulie, usipige, usikanyage.

Nimeacha mwisho jambo ambalo lilinifanya niandike. Si kila anayeanguka akishika mguu yuko na krampe.

Huku kwetu watu wengi wako AS: wamebeba nusu ya drepanositozi bila kuwa wagonjwa. Waganga J. na C. Lambotte-Legrand walichunguza drepanositozi kwa watoto wa Léopoldville tangu miaka ya 1950, lakini walioitwa wazima, wale wa AS, hawakutazamwa sana. Mwaka 1987 John Kark na wenzake walionyesha kwamba kati ya askari wapya weusi wa Marekani, wenye AS walikufa ghafla mazoezini karibu mara 28 zaidi ya wasiokuwa nayo. Mwaka 2016, baada ya jeshi kuweka sheria za maji, mapumziko na joto kwa askari wote, utafiti mwingine juu ya askari karibu 48,000 haukukuta tena tofauti ya vifo, ingawa kuvunjika kwa misuli kulikuwa bado juu kwa 54 kwa mia. Soma hizo namba mbili pamoja: sheria za mapumziko zinaokoa.

Kiwanjani tofauti inaonekana, kama unaijua. Mwenye krampe anapiga kelele, anarukaruka kwa mguu mmoja, na ukigusa msuli ni mgumu kama jiwe. Yule wa AS ambaye chembe zake zinajikunja kwa juhudi kubwa anaanguka mapema, pengine dakika za kwanza za mazoezi ya kukimbia bila kupumzika, miguu inamukosa nguvu kuliko inavyomuuma, anapumua mbio, na msuli ukiugusa ni laini. Huyo usimunyooshe, usimuambie «simama, wewe ni mwanaume». Amelala, apate hewa, apozwe, na gari litafutwe mara moja kwenda hopitali. Vivyo hivyo anayeanza kusema maneno yasiyoeleweka, mwili ukiwaka moto: mwagie maji mwili mzima huku munatafuta gari.

Kipimo cha kujua kama uko AS kinafanyika kwa damu kidogo katika hopitali kubwa za miji yetu, na wengi wetu tutaulizwa tu siku ya harusi. Ninaomba kamati ya michezo iulize mbele ya mechi ya kwanza: nani anajua kundi lake, nani ametoka kuugua malaria juma hili, na gari la nani litakuwa nje ya kiwanja, likiwa na mafuta.